Tumezika watoto wawili kwa tatizo moja, Meckel-Gruber. Je, nibebe mimba tena?

MamaWaNansio

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari zenu. Naandika nikiwa nyumbani Kirumba, hapa Mwanza, binti yangu amelala, baba yake bado yuko soko la samaki la Mwaloni wanapakia dagaa za kwenda Dar. Nimeanza kuandika haya mara tatu nikafuta. Leo nayatuma yalivyo.

Nina miaka 31. Nina mtoto mmoja wa kike, ana miaka sita, mzima, anasoma. Baada yake nimebeba mimba mbili, na mara zote mbili nimerudi nyumbani mikono mitupu. Mara hii ya pili ndipo daktari akaniambia kwamba watoto wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja, unaitwa sindromu ya Meckel-Gruber. Huku mtaani sijakutana na mtu hata mmoja aliyewahi kulisikia hilo jina. Maswali yangu yako mwisho. Naomba mnivumilie nianze na yaliyotokea, maana kila nikijaribu kufupisha naona kama nawaficha watoto wenyewe.

Wa kwanza ilikuwa 2022. Kliniki nilianza mimba ikiwa changa, sikukosa hudhurio hata moja. Kwenye wiki ya 28 mkunga aliyekuwa ananipima tumbo kwa utepe akaandika namba ileile aliyoandika mwezi uliopita. Akapima tena, akaniuliza kama maji yamewahi kunimwagika. Nikasema hapana. Akaniambia nile vizuri. Wiki ya 33 uchungu ukanishika ghafla usiku. Alikuwa wa kiume. Aliishi kama dakika arobaini, akihangaika kuvuta pumzi mpaka mbavu zinaingia ndani. Kisogoni alikuwa na uvimbe laini kama kifuko, na tumbo lake lilikuwa kubwa na gumu, limekipita kifua. Hakuna aliyenieleza ni nini. Ila nesi mmoja aliniuliza wodini kwa sauti, wenzangu wote wakisikia, "Vidonge vya foliki ulikuwa unameza au ulikuwa unatupa?"

Kituo sitakitaja. Vidonge nilimeza. Nilikuwa na kalenda ya ukutani, kila nikimeza natia alama kwa kalamu nyekundu, na kalenda hiyo ninayo mpaka leo, iko chini ya godoro. Siku nane tu hazina alama, na siku hizo nilikuwa natapika kila kitu. Nimezihesabu hizo siku nane mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaambia.

Mimba ya 2025 nilianza foliki miezi minne kabla. Altrasaundi nikapiga wiki ya 20. Kijana wa mashine alikuwa mchangamfu, ananiuliza binti yangu yuko darasa gani, huku anabonyeza na mashine inalia tik, tik, anapima. Alipofika kichwani akanyamaza. Akashuka kwenye tumbo la mtoto, akarudi kichwani. Ile tik ikakoma. Halafu akaigeuza skrini taratibu kuelekea ukutani, akasema, "Mama, ngoja nimwite mwenzangu." Jeli ilikuwa imeshaanza kukauka tumboni mwenzake alipoingia.

Nikapewa barua ya rufaa. Huko nilikutana na daktari mmoja, mama mtu mzima, ambaye namuombea kila siku. Alivuta kiti akakaa nami magoti kwa magoti, akamwita na mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni. Akatueleza kwamba figo za mtoto zimejaa vifuko vidogo vya maji. Mume wangu akauliza, "Kama mayai ya sato?" Daktari akasema ndiyo, vimebanana hivyohivyo. Zimekuwa kubwa mno lakini mkojo hazitoi. Na kumbe kuanzia katikati ya mimba, maji anayoogelea mtoto sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Figo zisipofanya kazi maji yanakauka, na mapafu nayo hayakui, maana hukua kwa mtoto kuyavuta na kuyatoa maji yale. Hapo nikaziona tena zile mbavu za kaka yake. Hakuwa amebanwa na mafua wala baridi ya chumba. Hakuwa na mapafu ya kutosha.

Kisogoni fuvu halikufunga, na sehemu ya ubongo ilitokea hapo. Daktari akasema hakuna dawa wala upasuaji wa kumwokoa mwenye hali hii. Wengi hufia tumboni, na wanaozaliwa hai huishi saa chache au siku chache. Nikamuuliza kuhusu vidole, maana wa kwanza alikuwa na vidole sita. Akasema safari hii hawezi kuvihesabu, maji yamekwisha na mtoto amejikunyata. "Tutavihesabu pamoja akizaliwa." Neno lile "pamoja" ndilo lililonifikisha wiki ya 31.

Alizaliwa ameshatangulia. Wa kike. Nilihesabu mwenyewe. Pembeni ya kidole cha mwisho palikuwa na kingine, chembamba, hakizidi punje ya mchele kwa urefu, na kilikuwa na ukucha. Mikono yote miwili, na miguu vilevile. Nilikuwa nimekwenda na doti mpya ya kanga, ya bluu na njano, haijakatwa. Nikaomba mkasi, nikaigawa. Kipande kimoja nikamfunika, kingine ninacho.

Mume wangu alimzika yeye na wenzake wawili wa Mwaloni. Mimi bado nilikuwa wodini. Nilipotoka, wamama wa ukoo walikuja, wakanikataza kulia, wakasema mimba iliyoharibika haina matanga, na nikiililia nitafunga kizazi. Wakaondoa nguo za mtoto nilizokuwa nimezikunja. Siku ya tatu maziwa yakajaa. Yalivuja mpaka kwenye shuka, nikajifunga kifua kwa kanga na kuingia chooni ili binti yangu asinione.

Sasa mama mkwe. Sisi wote ni wa Ukerewe, mimi wa Nansio, mume wangu wa kisiwa cha Ukara. Mama mkwe anasema ukoo wao haujawahi kuona kitu hicho, kwa hiyo nimekileta mimi. Amemwambia mwanawe atafute mwanamke mwingine kabla hajazeeka. Mume wangu hajamjibu vibaya mama yake, ila mimi nikimtazama naona anawaza. Anawaza nini sijui, hatuzungumzi.

Maswali yangu ni haya. Daktari alisema kitu kama moja katika nne. Sisi tumepata mmoja mzima na wawili wameondoka. Je, ina maana hesabu yetu mbaya imeshaisha, wanaofuata watakuwa wazima? Au ndiyo imeanza? Pili, zile siku nane za foliki, zilichangia? Tatu, nikibeba tena, niende kupimwa wiki ya ngapi ili nijue mapema? Na kama kuna mama au baba yeyote aliyepitia hili akapata mtoto baadaye, naomba anisemeshe.

KijanaWaIgoma

Pole sana dada, nimesoma mpaka nikaweka simu pembeni. Sitaki kukuumiza, lakini mara mbili mfululizo tena alama zilezile, mimi naona kuna mkono wa mtu. Huko Magu kuna mzee anasaidia sana wenye shida za uzazi. Usipuuze, dawa za hospitali na za kwetu zinaweza kwenda pamoja.

MkungaMstaafu_Nyegezi

Mwanangu MamaWaNansio, pole. Mimi nimezalisha miaka 34, na hali hii nimeiona kwa macho yangu mara mbili tu. Niruhusu nikujibu taratibu, na mume wako aketi karibu msome wote wawili.

Nianze na zile siku nane, kwa sababu naona ndizo zinazokukosesha usingizi. Hazikuchangia. Foliki inasaidia sana kupunguza mgongo wazi na baadhi ya kasoro za fuvu kutofunga, na ndiyo maana tunawasisitiza akina mama waimeze hata kabla ya mimba, na ndiyo maana inatiwa kwenye unga wa viwandani. Lakini Meckel-Gruber asili yake siyo upungufu wa lishe. Ungemeza kila siku bila kutapika, watoto hawa wangekuwa vilevile. Yule mwenzangu aliyekuuliza wodini aliona uvimbe wa kisogoni akadhani ni ule wa kawaida, lakini hata ungekuwa huo, swali lile halikuwa la kuulizwa mama ambaye mtoto wake hajapoa. Kwa niaba ya kazi yangu nakuomba radhi. Ile kalenda itoe chini ya godoro.

Sasa, ugonjwa unatoka wapi. Umetaja doti ya kanga, nami nitakueleza kwa doti hiyohiyo. Kila mtu amezaliwa na doti nzima, vipande viwili, kimoja alipewa na mama, kingine na baba. Hivyo ndivyo vinasaba vyetu vilivyo, viwili viwili. Wewe doti yako ina kipande kimoja kizima na kingine kina tundu mahali fulani. Mumeo naye hivyohivyo, na tundu liko mahali palepale. Hakuna anayejua, kwa sababu kipande kizima kinaficha. Mnaishi wazima, mnavua, mnazaa, hamuumwi chochote. Unapofika wakati wa kumtengeneza mtoto, kila mzazi anakata doti yake na kutoa kipande kimoja, bila kuchagua. Mtoto akipata vizima viwili, ni mzima. Akipata kizima kimoja na kimoja chenye tundu, naye ni mzima kama ninyi, ila amelibeba. Akipata vyote viwili vyenye tundu, ndiyo hawa wawili mliowazika.

Kwa hiyo "nimekileta mimi" si kweli, na "amekileta yeye" si kweli. Tundu la upande mmoja peke yake lisingeweza kumdhuru mtoto. Mama mkwe hajawahi kuliona katika ukoo wao kwa sababu linaweza kupita kizazi hadi kizazi bila kukutana na mwenzake. Watu wa mahali pamoja, hata kama si ndugu wa karibu, huweza kuwa wamerithi tundu moja kutoka kwa babu wa zamani ambaye hakuna anayemkumbuka jina. Sisemi ndivyo ilivyo kwa Ukerewe na Ukara, hilo hakuna aliyelipima kwenu. Lakini Finland, nchi ya baridi kule Ulaya, ugonjwa huu umeonekana zaidi kuliko kwingi, kama mtoto mmoja katika kila 9,000 wanaozaliwa, na sababu ni hiyo ya vizazi vingi kuoana ndani ya jamii ileile. Wao hawana mkono wa mtu wa Magu. Mdogo wangu KijanaWaIgoma, najua umesema kwa nia njema, lakini mama huyu ameshabebeshwa lawama za kutosha, na mganga naye atamtafutia wa kumlaumu.

Moja katika nne. Hapa wengi wanakosea, na wewe umekosea kidogo. Siyo kwamba katika watoto wanne mmoja ataondoka halafu watatu wamebaki salama. Ni kila mimba peke yake. Kila mara mnakata doti upya, na kila mara nafasi ya mtoto kupata vyote viwili vibovu ni robo, na nafasi ya kuwa mzima ni robo tatu. Waliotangulia hawapunguzi wala hawaongezi. Kwa hiyo hesabu yenu haijaisha, na haijaanza pia. Ninyi mmepigwa na robo mara mbili. Inauma, lakini mimba ya nne, kama mtaitaka, itakuwa na robo tatu zilezile alizokuwa nazo binti yako kabla hajazaliwa.

Kuna jambo moja nilitaka kulinyamazia, lakini ukweli nusu hauwafai. Mumeo akizaa na mwanamke mwingine asiye na tundu hilo, watoto wa ugonjwa huu hawatatokea. Na wewe ukizaa na mwanamume mwingine asiye nalo, hawatatokea vilevile. Hilo linawahusu sawasawa. Mama mkwe akilitaja, alitaje kwa pande zote mbili.

Labda unajiuliza inakuwaje ubongo, figo na vidole vyote viharibike pamoja. Seli za mwili zina vinywele vidogo sana vinavyopokea ishara wakati mtoto anajengwa, huku pajengwe figo, hapa vidole viishie vitano. Tundu linaharibu vinywele hivyo, ndiyo maana kasoro zinatokea mbali mbali. Hata ini huwa limeathirika, ingawa kwa macho halionekani. Kinasaba cha kwanza kinachohusika, MKS1, kilipatikana 2006, na sasa vinajulikana zaidi ya kumi. Na nikuambie, mwanangu, Meckel mwenyewe, daktari wa Ujerumani, mwaka 1822 aliposimulia ugonjwa huu mara ya kwanza, alisimulia watoto wawili wa mama mmoja. Gruber alikuja baadaye, 1934. Kwa hiyo mama wa kwanza tunayemjua katika habari hii alipita ulipopita wewe, mara mbili. Jina lake mimi silijui.

Mwisho, muulize daktari kama kromosomu za mtoto, yaani vile vifurushi vinavyobeba vinasaba, zilipimwa. Kuna hali nyingine inaitwa Patau, kromosomu ya 13 inakuwa tatu badala ya mbili, nayo inaweza kuleta vidole sita na hata figo za namna hiyo. Hiyo mara nyingi haijirudii, hesabu yake ni nyingine kabisa. Watoto wawili waliofanana hivi wanaelekea zaidi kwa Meckel-Gruber kama alivyosema daktari, lakini uliza, na uliza kama kuna sampuli iliyohifadhiwa inayoweza kupelekwa kupimwa vinasaba.

Mama_K_Buhongwa

Samahanini kuingilia, pole sana dada. Nimeogopa. Mwanangu ana miezi minne, alizaliwa na kidole cha sita mkono wa kushoto, kinaning'inia tu. Na mimi ni mjamzito tena bila kutarajia. Je, ndiyo hii?

MkungaMstaafu_Nyegezi

Mama K, hapana. Kidole cha sita peke yake, kwa mtoto anayenyonya na kucheka, ni kitu cha kawaida sana kwetu Waafrika na mara nyingi kinatembea kwenye ukoo. Uliza kwa baba yake au kwa babu, utasikia. Usikifunge uzi nyumbani, peleka hospitali wakiangalie. Na hongera ya mimba, nenda kliniki wiki hii.

BabaShija

Shemeji, mimi ni mwanamume, niandike kwa ajili ya mumeo zaidi.

Sisi wetu haukuwa ugonjwa huu, mtoto hakuwa na sehemu ya juu ya fuvu. Nilimzika mwenyewe, mvua inanyesha, na jembe nililoazima lilikuwa na mpini umelegea, likawa linatoka kila nikipiga. Nilirudi nyumbani mke wangu akaniuliza, "Umemlaza kichwa wapi?" Nikashindwa kumjibu, nikatoka kwenda kutengeneza ule mpini. Miezi minane hatukuzungumza habari ya mtoto. Yeye aliona sijali. Mimi nilikuwa naogopa nikifungua mdomo nitalia mbele yake na yeye ataanguka zaidi. Unaposema "anawaza nini sijui", usihesabu kwamba anawaza mke mwingine. Yule aliyeuliza daktari kuhusu mayai ya sato alikuwa anajitahidi kumwona mtoto wake kwa kitu anachokijua. Muulize swali alilouliza mke wangu. Muulize alimlaza kichwa wapi. Akitoka nje, mfuate.

Na ya pili, kuhusu wazazi wetu. Mama yangu naye alisema ya kusema. Kilichomnyamazisha ni mimi kwenda kijijini mwenyewe, nikakaa naye, nikamwambia kwamba na mimi nimo. Ingekuwa mke wangu ndiye kaenda kujitetea, asingesikilizwa.

Tulipata mwingine baada ya miaka miwili, na mwaka uliopita tukabarikiwa wengine mapacha, Kulwa na Doto. Huyo mkubwa ndiye wa kwanza kuniita baba, lakini mimi nikihesabu watoto nahesabu wanne.

MpigaPicha_Ilemela

Nafanya kazi ya altrasaundi, hospitali nyingine si ile uliyopita. Nijibu swali la wiki tu.

Ukibeba, nenda mara mbili. Mara ya kwanza kati ya wiki ya 11 na ya 14. Wakati huo mwenye jicho lenye uzoefu na mashine nzuri anaweza kuona fuvu la kisogoni kama limefunga, figo kama zimevimba, na hata vidole, kwa sababu maji bado yapo. Angalizo moja kubwa: usikubali kuambiwa "maji yako mengi, kila kitu kizuri" wiki ya 12 ukaridhika. Mpaka karibu wiki ya 16 maji hayategemei sana mkojo wa mtoto, hivyo yanaweza kuwa mazuri kabisa na figo zikawa mbaya. Mwambie anayekupima azitazame figo zenyewe, na kisogo chenyewe. Mara ya pili iwe wiki ya 18 mpaka 20, hata kama ya kwanza ilikuwa safi.

Nenda na karatasi za mimba zilizopita, usitegemee kusimulia. Mtu akijua anatafuta nini huona haraka. Kwa hapa Mwanza omba rufaa mapema kwenda hospitali ya kanda Bugando, usisubiri mpaka tatizo lionekane.

Na kwa mama yeyote anayesoma hapa akiwa ameshaambiwa mtoto ana figo kubwa za namna hii: usijifungulie nyumbani wala zahanati ndogo. Tumbo la mtoto linaweza kuwa kubwa kiasi cha kukwama wakati wa kutoka, na hapo anayehatarishwa ni wewe.

Yule kijana aliyegeuza skrini, dada, usimchukie. Hatufundishwi tuseme nini dakika ile. Nami nimewahi kuigeuza. Sasa siigeuzi tena, namuuliza mama kama anataka kuona.

MamaWaNansio

Nimechelewa kurudi, siku tano sasa. Asanteni wote, na Mkunga, mama yangu, shikamoo. KijanaWaIgoma sikukasirika, najua umenionea huruma, ila kwa mganga siendi.

Nilimsomea mume wangu usiku ule aliporudi. Tulikaa kwenye kizingiti, harufu ya dagaa haijamtoka. Nilipofika kwenye doti akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaingia ndani, akarudi na kile kipande cha bluu na njano kilichobaki, akakishika kwenye mwanga wa taa ya nje kama vile anatafuta tundu lenyewe. Akasema, "Kwa hiyo nami nimo." Nikamuuliza alimlaza kichwa wapi. Hakutoka nje, BabaShija. Alisema alimlaza akielekea ziwani, upande wa nyumbani Ukara, na kwamba wenzake walitaka kuweka udongo haraka lakini yeye akasema wangoje kidogo. Na kwamba kanga ilikuwa imefunuka mkononi, akaona vidole, akaifunika.

Ijumaa alipanda meli ya Nansio, akavuka Bugolora, akaenda Ukara peke yake. Mimi sikumtuma. Alibeba mfukoni karatasi niliyomwandikia maelezo ya Mkunga kwa mkono. Jana amepiga simu kutoka kwa mama yake. Mama mkwe hakuomba radhi, na sikutegemea. Aliuliza kama ni kweli hata mwanawe analo hilo tundu, mume wangu akasema ni kweli. Akauliza kama alilipata kwake yeye au kwa marehemu baba yake, mume wangu akasema hakuna anayejua, huenda kwake, huenda kwa baba. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema kwamba yeye mwenyewe, kabla ya mume wangu, alizaa mtoto aliyeishi siku moja, na hakuruhusiwa kumtazama. Mume wangu ana miaka 36, na hilo hakuwahi kulisikia.

Kromosomu: nimepiga simu, daktari yule mama anasema sampuli ipo, tumepangiwa kwenda Alhamisi wiki ijayo sote wawili. Kuhusu mimba nyingine hatujaamua. Robo tatu naiona nyingi asubuhi na usiku naiona robo tu. Tutaamua baada ya Alhamisi, au baada ya mwaka.

Kabla simu haijakatwa mama mkwe aliomba azungumze nami. Aliniuliza yule wa kike tulimpa jina gani. Tulikuwa tumempa, ila hakuna mtu aliyewahi kuliuliza. Nikamtajia, akalirudia mara mbili kwa lafudhi ya kwetu, taratibu, kama anayejifunza kulitamka.